Mfu wa Mia Mbili na Kumi na Mbili

Walikuja na makontena kumi na tisa,
wakaifunga Michenzani kwa utepe wa manjano
kuanzia jumba la sita hadi kwenye mzunguko,
wakatangaza kwa kipaza sauti walichoazima kwa sheha:
wanatakiwa wafu mia nne,
wembamba, wenye mbio, meno si lazima.

Elfu hamsini kwa siku, na wali wa mchana.
Kufa kufaana, alisema Mbarouk muuza vocha,
akawa wa kwanza kwenye foleni.

Maiti haulizwi sanda. Sisi tuliulizwa:
kiuno, kola, nambari ya kiatu.
Msichana mwenye vidole vya baridi
akanibandika shavu la mpira lililooza,
akanipulizia unga wa kijivu,
akaniandika nyuma ya shingo, kwa wino usiofutika,
212.

Ilipoadhiniwa adhuhuri kamera zikanyamaza.
Tukajipanga bombani, matumbo nje,
na Ustadhi Khatibu akasimama mlangoni na swali lake:
udhu unapita juu ya jeraha la mpira?
Hakuna aliyeisoma hukumu hiyo chuoni.
Tulisali kadha, majumbani, tumeshafufuka.

Mimi hata kufufuka kulinishinda.
Mama aliniona kwenye tundu la kitasa, akakataa kufungua.
Nililala nje, kwenye mlango wetu wa buluu,
nikimsikia Bibi kitandani akicheka mpaka akakohoa:
"Ati wanakimbia? Msukule hakimbii, mwanangu.
Msukule analima usiku kucha, anakula pumba,
asubuhi kachoka kuliko wewe."

Kile kitabu mimi nilikisoma.
Nakala ya maktaba, jalada limeliwa na mchwa,
nikakisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, kwa ajili ya Bibi.
Mle ndani hakuna anayemng'ata mtu.
Wafu wanarudi polepole, mmoja mmoja,
kwa kuwa kila mmoja ana kitu cha watu.
Ukurasa wa tisini na sita yumo Machano, fundi saa wa Mchangani,
aliyekufa na saa ya mteja mfukoni,
mkanda mpya, kioo kipya, hajalipwa bado.
Anagonga. Anangoja.
Anagonga tena, taratibu, asije akaamsha mtoto.
Sura nzima ni kugonga huko.

Kwenye filamu sura hiyo ni sekunde nne.
Machano ni mimi, na jina sina.
Napanda ngazi nikiunguruma,
shujaa ananipasua kichwa.

Tulirudia mara tisa.
Mara nane nilifanya walivyotaka,
kucha mbele, povu la sabuni mdomoni.
Ya tisa sijui nilipatwa na nini.
Labda njaa. Labda ule mlango wa kuigiza,
nao waliupaka buluu.
Nilifika juu, nikanyoosha mkono,
kiganja wazi, kama mtu anayerudisha amana.
Risasi ikalia vilevile.
"Hiyo hiyo!" akapiga kelele yule mwenye kofia,
wala hakujua anasifu nini.

Mwaka ukapita. Bibi hakungoja.
Kitanda chake sasa tunakunjia nguo,
na mlangoni, usiku, sijasikia mtu.

Filamu tuliitazama kwenye simu ya Mbarouk,
kioo kimepasuka, vichwa vyetu vimegusana.
Mapesa yote yale, helikopta, mnara unaungua,
Mama amejifunika upande wa kanga usoni
na jicho moja linachungulia.
"Rudisha nyuma," akasema.
"Huyo. Msimamishe. Anampa nini mwenziwe?"

Saa, nikamwambia. Alikuwa ameshaitengeneza.

Akakitazama kile kiganja,
kidogo mithili ya punje ya mchele,
kimeganda kabla ya moshi.

"Akapokea?"